Nilimfungia mama jiko la makaa ya mawe kule Issuna, lawama akaibeba jirani

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kazini na mliojibanza pembeni mnasoma kwa kujificha bosi asiwaone.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha hivi hivi. Yote nitakayosema yamenitokea mimi mwenyewe, na pale nitakapoonekana mjinga ni kwa sababu nilikuwa mjinga. Sijapunguza kitu.

Kule kwetu Issuna kuna mama mmoja ambaye tangu mwezi wa nane ananyooshewa kidole, kwamba alimwacha jirani yake alale chini siku nzima bila kwenda kumwangalia. Huyo jirani alikuwa mama yangu mzazi. Mimi najua kwa nini yule mama hakwenda, na nilikaa kimya.

Ndiyo maana naandika.

Baadhi yenu mtanikumbuka. Ni mimi niliyeweka uzi nikiuliza namna ya kufunga jiko la makaa ya mawe used nyumbani. Mlinishauri vizuri sana, hasa kuhusu ile hewa ya sumu. Baadaye mkawa mnaniuliza "mkuu, lile jiko liliwaka?" na mimi nikawa napita kimya kama sijaona.

Liliwaka. Liliwaka vizuri mno.

Nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina kibanda changu Mandewa hapa Singida mjini. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Mama alikuwa anaishi kijijini peke yake tangu mzee alipofariki. Tupo wawili tu, mimi na dada yangu Ester ambaye ameolewa Tabora.

Mama alikuwa na kifua. Miaka yote amepika kwa kuni ndani ya jiko la udongo lenye kidirisha kama cha kuchungulia mwizi. Akikohoa unasikia mpaka barabarani. Nesi wa zahanati alituambia wazi kwamba moshi ule lazima umtoke huyu mama, la sivyo dawa tunazompa ni kazi bure.

Halafu magoti. Mnaokaa Singida mnaijua baridi ya mwezi wa sita na ule upepo wetu usiokuwa na adabu. Asubuhi alikuwa anatembea kwa kushika ukuta.

Nilimpelekea gesi. Akaniambia asante baba, Mungu akubariki. Nilivyorudi mwezi uliofuata nikakuta mtungi umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka redio. Kasema hawezi kulala nyumba moja na bomu.

Nilimwambia ahamie kwangu mjini. Akaja, akakaa siku tisa. Siku ya kumi akafunga kibegi chake, anataka kwenda kuangalia kuku.

Sasa niseme ukweli ambao sikuusema kwenye uzi ule wa kwanza. Nilikuwa nimechoka. Kila Jumapili nilikuwa nakwenda Issuna kumpasulia kuni, na kila Jumapili nilikuwa nasikia kile kikohozi. Nilitaka kitu kimoja cha kumaliza shida zote, ili nisiwe nakwenda kila wiki. Nilimpenda mama yangu, na pia nilitaka Jumapili zangu. Vyote viwili ni kweli.

Mwezi wa nne nikapata kazi ya geti Kilimatinde. Jamaa mmoja alikuwa amenunua nyumba ya kizamani kule juu mlimani na anaikarabati. Kwenye kona ya jikoni nikaona jiko la chuma, lile la wazungu wa zamani, miguu mitatu, wa nne umevunjika wamewekea tofali. Kuku alikuwa ametagia ndani.

Ni chuma kile kizito ambacho ukikigonga vibaya kinapasuka badala ya kupinda. Mbele lina mlango wa kulishia, chini kimlango cha hewa, ndani wavu wa kubeba makaa na trei ya majivu. Juu unaweza kupika sufuria mbili. Nyuma kuna tundu la bomba la moshi.

Mwenye nyumba aliniambia linatumia makaa ya mawe. Nawaambia kabisa, sio huu mkaa wa gunia wa miti. Ni yale mawe meusi yanayochimbwa kule kusini, yale ambayo malori yanapita nayo kwenye barabara yetu kila siku yakielekea nje. Akasema ukilijaza jioni na kubana hewa, asubuhi unakuta bado linapumua.

Hapo ndipo aliponimaliza. Mama asiamke kupuliza moto, asipasue kuni, chumba kiwe na joto usiku kucha. Bei tuiache, tulielewana. Tulilibeba watu wanne mpaka kwenye kenta, likashuka Kilimatinde, likapita Manyoni, mpaka Issuna.

Makaa nilipata kwa rafiki yangu dereva, alininunulia magunia huko huko yanakochimbwa. Kwa halali kabisa, msianze.

Kufunga kulinichukua siku mbili na hapa naomba mniache nijisifu kidogo, maana ndiyo sehemu pekee ya habari hii ninayoweza kujisifu.

Nilichomelea mguu wa nne. Nilisugua kutu yote kwa brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka. Sakafuni nilijenga kitako cha matofali ya kuchoma, na nililiweka mbali na ukuta kipimo kile mlichonipa. Nyufa za mlango nilizikandika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ule ukikauka hauachii. Bomba nililipandisha mpaka likapita kilele cha bati, na juu nikalivisha kofia ili upepo wetu usiurudishe moshi ndani. Dirisha nililipanua mara mbili na nikatoboa tundu la hewa ambalo haliwezi kufungwa hata mtu akitaka.

Nilikuwa naogopa ile hewa ya sumu kuliko kitu chochote. Mlinitisha, na mlifanya vizuri kunitisha. Kwa hiyo kabla hamjaanza kuandika huko chini kwamba "tulikuambia mkuu", sio hiyo. Mama hakuguswa na hewa. Daktari alilisema hilo na mimi nililiuliza kabla ya mengine yote.

Samahani, nilikatika. Mteja alikuja kuchukua dirisha lake.

Sasa siku ya kuwasha.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa tano. Mama amekaa kwenye kigoda, kajifunga khanga mbili, ananiangalia kama mtu anayesubiri kuona mganga wa uongo anaumbuka. Nilianza na vijiti, kisha kuni nene, moto ukakolea, ndipo nikatia makaa ya mawe kidogo kidogo. Mwanzoni lilitoa harufu mbaya ya kutu na mafuta ya zamani. Nikamwambia atoke nje mpaka harufu iishe. Baada ya saa nzima makaa yakashika, yakawa mekundu mpaka ndani, bomba likaanza kuvuma.

Mama akasogeza kigoda. Akanyoosha magoti kuelekea lile joto.

"Hii treni yako," akasema, "kumbe ina maana."

Kuanzia siku hiyo likaitwa treni.

Ndipo akaja Mama Zuhura.

Mama Zuhura ndiye jirani ninayemzungumzia. Yeye ni mjane kama mama, Mwislamu, sisi tunasali kanisani. Nyumba zao zimeachana hatua kama sitini, katikati kuna kishamba cha alizeti. Tangu mimi sijaanza shule, kila asubuhi alikuwa anakuja kwetu na kigae cha chungu kuchukua moto. Mama alikuwa anaamka mapema, kwa hiyo moto wetu ulikuwa unatangulia. Anakuja, wanasalimiana Kinyaturu kirefu, kile cha kuuliza mpaka hali ya mbuzi, anakaa kidogo, anachukua makaa mawili matatu ya moto kwenye kigae, anaondoka.

Mimi nilikulia kwenye hilo, sikuwahi kulifikiria. Kwangu lilikuwa jambo la mtu asiyetaka kununua kiberiti.

Siku ile akabisha hodi, kigae mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akashangaa jiko, akanipa hongera. Mama akaniambia, "Mpe mwenzangu moto."

Nikachukua koleo, nikatoa kaa moja la mawe limeiva kabisa, nikamwekea kwenye kigae. Akaondoka nalo. Hajafika hata katikati ya alizeti, akageuka. Limezimika.

Nikampa lingine kubwa zaidi. Likazimika mlangoni kwake.

Wakuu, makaa ya mawe hayako kama mkaa wetu. Yanawaka yakiwa pamoja, ndani ya jiko, hewa ikipita chini. Ukitoa moja peke yake linakufa. Mimi fundi nililijua hilo, nikawa namweleza huku nacheka. Na yeye alicheka. Akarudi mara ya tatu akatuonyesha lile jiwe jeusi kwenye kigae kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, tukacheka wote.

Mama pekee hakucheka.

"Toka niolewe kwenye nyumba hii," alisema, "sijawahi kumnyima mtu moto."

Nikaona hilo ni jambo dogo la kutatuliwa. Nilikuwa kwenye siku ya kutatua mambo. Nikaenda dukani, nikarudi na pakiti nzima ya viberiti, ile ya viberiti kumi, nikampa Mama Zuhura. Nikamwambia, "Mama, sasa pumzika na safari za asubuhi."

Alipokea kwa mikono miwili. Akasema ahsante baba.

Halafu nikaongeza neno. Ndilo neno ambalo limenifanya niandike huu uzi. Nilikuwa nimesimama nje na koleo langu, nikamwonyesha bomba juu ya bati, moshi mwembamba unatoka. Nikamwambia, "Na wala usihangaike kuja kumchungulia mama. Ukiona moshi unatoka pale, ujue yuko salama."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Niwe mkweli, zilikuwa nzuri sana. Kikohozi kilipungua mpaka nesi akauliza tumempa dawa gani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ile, mama alilala na joto. Alijifunza treni yake kuliko mimi: jioni akishafungia kuku anatoa majivu, anajaza, anabana kimlango cha hewa kibaki upenyo wa kidole, na asubuhi anakuta bado lina moto. Nikaanza kwenda kila baada ya wiki mbili. Halafu mara moja kwa mwezi.

Kwenye simu aliniambia mara mbili, "Mama Zuhura siku hizi amekuwa haba."

Nikamjibu, "Si mko jirani? Mwite."

Akasema, "Ataitwaje mtu ambaye hana shida?"

Sikuelewa. Nilikuwa naongea naye huku nimeshika grenda mkono wa pili.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane. Saa tatu asubuhi nikampigia mama, simu haipatikani. Hilo halikunishtua, alikuwa na kitochi anachokizima ili kutunza chaji. Lakini sijui kwa nini, siku hiyo nikampigia Mama Zuhura.

Nikamwamkia, nikamuuliza kama amemwona mama.

"Sijamwona kwa macho," akasema, "ila moshi unatoka, baba. Toka nimeamka nauona."

Nikasema, "Basi sawa mama, yuko salama."

Nikakata. Nikarudi kwenye geti la mtu. Simu yote haikufika dakika moja, nimeiangalia kwenye kumbukumbu za simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Saa kumi jioni akapiga yeye. Analia, sikuelewa maneno. Alisikia kuku wanapiga kelele bandani, hawajafunguliwa tangu asubuhi, akavuka kishamba. Alimkuta mama chini sakafuni karibu na jiko, ndoo ya makaa imelala pembeni yake. Amevaa nguo za jana, kilemba kichwani. Trei ya majivu ilikuwa imemwagwa, makaa ndani ndiyo yanaishia, na hewa imebanwa kama nilivyomfundisha.

Alianguka Jumanne jioni, baada tu ya kumaliza kulijaza. Kiharusi. Akalala pale usiku wote, asubuhi yote, na mchana. Na muda huo wote jiko langu lilikuwa linaunguza taratibu na kutoa moshi juu ya bati, kumwambia kila mtu kwamba mama ameamka.

Zamani moshi wa nyumba ile ulikuwa na maana moja tu. Mtu ameamka, amepiga magoti, amepuliza. Hakuna mikono, hakuna moshi. Mimi nikaleta chuma kinachotoa moshi bila mtu, halafu nikawaambia waendelee kuusoma vile vile.

Nilikodi gari, nikawakuta wameshamfikisha hospitali. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, hasemi. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu, alikuwa ananishika kidole haachii, na macho yake yananifuata. Nilimuuliza daktari, angewahishwa asubuhi ingekuwaje? Akasema kila mgonjwa na hali yake. Nikamuuliza tena. Akanishika bega akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama aliishi siku sita.

Hapa nipumue kidogo.

Tulizika Issuna. Watu walikuwa wengi, alikuwa mtu wa watu. Mama Zuhura alipika msiba ule kuanzia siku ya kwanza, hakwenda hata kulala kwake.

Siku ya tatu ya matanga, tumekaa uani. Dada Ester alikuwa hajala tangu afike kutoka Tabora, kachoka, anaongea peke yake. Akamgeukia Mama Zuhura mbele ya watu wote.

"Hatua sitini," akasema. "Unaona moshi, unashindwa kubisha hodi?"

Mama Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini polepole. Aliinua macho akaniangalia mimi.

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu: ni mimi nilimwambia asihangaike, na ni mimi nilimpigia asubuhi nikaridhika. Midomo ilikuwa inafunguka, naapa ilikuwa inafunguka. Nikatoa simu mfukoni nikajifanya nasoma meseji.

Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.

Kwa kijiji ikawa imethibitika. Mtoto wa marehemu kanyamaza, maana yake ni kweli. Nasikia mashineni akiingia kusaga, maongezi yanakatika. Kisimani wamempa jina, wanamwita Mama Moshi. Wanalitamka mbele ya wajukuu wake.

Mimi huku Mandewa naendelea na mageti yangu. Watu wananipa pole.

Somo? Najua mnataka somo, uzi bila somo hamuachi mtu alale. Langu ni hili. Ukitaka kumpunguzia mzazi wako shida, kwanza jua ile shida inamletea nani mlangoni. Mimi nilihesabu kuni, moshi, magoti, kikohozi. Sikuhesabu mtu aliyekuwa anaingia mle ndani kila siku kwa kisingizio cha moto. Kiberiti kilikuwa kinauzwa dukani miaka yote, na Mama Zuhura hakuwa mtu wa kushindwa kiberiti. Wale wawili walikuwa wanaangaliana, na hakuna aliyewahi kulitamka kwa sababu halikuwa na haja ya kutamkwa.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kukaa kimya siku moja kunafanya ya pili iwe ngumu zaidi. Mimi nilijikuta nimefika mwezi wa kumi na moja.

Wapo watakaoniuliza kama jiko nauza. Lipo pale pale. Sijapata moyo wa kuling'oa.

Nimalizie na Jumamosi iliyopita.

Nilikwenda Issuna peke yangu, sikumwambia mtu. Mama Zuhura alikuwa uani kwake anachambua alizeti za mbegu. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba baba, akanipa kigoda, akauliza hali ya mke wangu na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Nikajibu yote. Halafu nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Nikamwambia ile siku ya kuwasha jiko nilisema maneno fulani, na kwenye msiba nikamwacha abebe lawama ya maneno yangu.

Akaendelea kuchambua.

"Nakumbuka ulivyosema," akasema. "Ulikuwa umeshika koleo."

"Kwa nini hukuwaambia, mama?"

"Nisimame kwenye msiba niseme mtoto wa marehemu ndiye kakosea? Ungezikaje na hilo?"

Nikamwambia kesho, Jumapili, nitasimama kanisani hapa hapa kijijini niseme, na kwa mwenyekiti wa kitongoji nitakwenda, na Ester nitampigia. Nikamwambia kosa sio lake, limekuwa langu tangu mwanzo.

Hapo ndipo aliacha zile alizeti.

"Hapana, baba. Usinichukulie lote," akasema. "Wewe ulivyonipa vile viberiti mbele ya mama yako, na yeye akanyamaza, nilijua nimefukuzwa. Miaka yote naingia mle ndani, leo napewa kiberiti kama mtu wa kuombaomba. Nikanuna. Wala sikumwambia. Nikawa namwona akitoka nje anaangalia huku kwangu, najifanya sijamwona. Siku ile ulivyopiga simu, nilikuwa na nafasi ya kwenda. Sikuwa na kazi yoyote. Niliangalia ule moshi nikafurahi kwamba una kisingizio changu ndani yake."

Akaniwekea mkono kwenye goti.

"Watu wakiniita lile jina kisimani mimi siumii. Kinachoniumiza ni kwamba nilimnunia mwenzangu miezi mitatu, na yeye hakujua kosa lake ni nini, na amekufa hajui. Sasa hilo, baba, nimwombe nani msamaha?"

Wakuu, kanisani nimesimama. Mwenyekiti nimemwambia, akaita watu akawaeleza. Ester nilimpigia nikamwambia yote, alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu, mpaka leo hapokei. Yangu nimeyatoa, yameanza kutembea.

Ila lile swali la Mama Zuhura sikuweza kulijibu. Nilikaa pale kwenye kigoda mpaka jua likageuka, nikamsaidia kuchambua alizeti, tukamaliza debe zima.

Jumapili hii nakwenda tena. Mtakaonitukana, napokea, nilistahili. Lakini kama yupo humu aliyewahi kumnunia mtu na yule mtu akafa kabla hawajapatana, naomba aandike hapa chini alifanyaje. Nitamsomea.